Kupanga DEXA pamoja na CT, bariamu na skani za nyuklia: mwongozo kamili kwa mgonjwa na anayemsindikiza

Kama daktari amekuandikia kipimo cha DEXA cha msongamano wa mifupa pamoja na vipimo vingine vya picha ndani ya wiki moja, fanya DEXA kwanza. Ukiishia kusoma hapa, umeshapata sehemu kubwa ya mwongozo huu. DEXA haikuingizii kitu mwilini: hunywi dawa, huchomwi sindano, unalala mezani dakika chache na unashuka. Hakuna kipimo kinachofuata kitakachoharibika kwa sababu yake. Vipimo vingine kadhaa, kinyume chake, huacha kitu mwilini kwa saa, siku au wiki, na kitu hicho mashine ya DEXA inaweza kukihesabu kama mfupa.

Shida hii huwapata zaidi wale ambao tayari wana mzigo wa vipimo. Mama wa saratani ya matiti anayeanzishiwa letrozole au anastrozole, vidonge vya kushusha homoni, anahitaji DEXA kwa sababu dawa hizo hupunguza mifupa, na wiki hiyohiyo anatakiwa afanye CT (picha za eksirei za mwili vipande kwa vipande) ya kifua na tumbo, na skani ya nyuklia ya mifupa (unachomwa dawa yenye mionzi, kisha kamera huisoma) kuangalia kama ugonjwa umesambaa. Baba wa saratani ya tezi dume aliye kwenye sindano za kushusha homoni yuko njia hiyohiyo. Mtu ambaye tezi zake ndogo za shingoni, za parathairoidi, zinafanya kazi kupita kiasi huandikiwa DEXA, na akitayarishwa kwa upasuaji hufanyiwa pia skani ya nyuklia ya shingo. Halafu kuna jambo la safari. Mtu ametoka Songea au Kigoma, amefikia kwa ndugu Dar es Salaam, ana siku chache za ruhusa kazini, basi anataka amalize vyote kwa mkupuo. Anapewa nafasi ya CT leo kwa sababu ipo, na DEXA kesho kwa sababu ndiyo iliyobaki. Mpangilio huo ndio wa kuuepuka.

Mashine inahesabu nini hasa

DEXA hupitisha eksirei za nishati mbili tofauti mahali pamoja. Nyama, mafuta na mfupa huzuia nishati hizo mbili kwa viwango tofauti, na kompyuta hutumia tofauti hiyo kuondoa nyama kwenye hesabu na kubakiza madini ya mfupa. Jibu hutoka kwa gramu kwa kila sentimita ya mraba. Hesabu nzima inasimama juu ya dhana moja: kwamba kilichopo kati ya meza na kipokezi ni nyama na mfupa, basi. Mashine haina njia ya kujua kwamba leo umebeba kitu cha tatu.

Madini yanayoupa mfupa uzito mbele ya eksirei ni kalsiamu, ambayo namba yake ya atomiki ni 20. Iodini inayochomwa kwenye mshipa wakati wa CT ina 53. Bariamu unayokunywa ili tumbo na utumbo vionekane ina 56. Dawa hizo zilichaguliwa kwa kazi ya kontrasti, yaani ile ambayo wagonjwa wengi huiita dawa ya rangi, kwa sababu huzuia eksirei kuliko mwili wenyewe. Kwa hiyo tone la bariamu lililokaa kwenye utumbo mbele ya pingili ya tatu ya kiuno husomwa kama pingili yenye madini mengi. Picha ya DEXA ni bapa: kilicho mbele ya uti wa mgongo na uti wenyewe vinalaliana.

Wengi hudhani kosa huenda upande mmoja tu, kwamba kontrasti hupandisha namba. Si hivyo. Mashine hupima pia eneo la nyama pembeni mwa uti wa mgongo ili ipate kiwango cha kulinganishia. Bariamu ikiwa imekaa huko pembeni, kiwango cha kulinganishia ndicho kinachopanda, na mfupa huonekana mwepesi kuliko ulivyo. Mtu mwenye mifupa mizuri anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji, na mwenye mifupa dhaifu akarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna atakayelishtukia mpaka nyonga ivunjike.

Tuseme madini halisi ya kiuno chako ni 0.760, na kwenye mashine hiyo hilo linakupa T-score, yaani namba inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, ya −2.6. Mabaki ya bariamu yakiongeza 0.050 tu, utasomeka 0.810 na T-score itakuwa karibu −2.2. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 ni −2.5 kushuka chini kwa udhaifu kamili wa mifupa, na kati ya −1.0 na −2.5 kwa upungufu usiofikia hapo. Umevuka mstari bila mfupa kubadilika.

Hatua ya kwanza: andika vipimo vyote vya mwezi mmoja

Chukua karatasi. Andika kila kipimo cha picha ulichofanyiwa katika wiki nne zilizopita, na kila kilichopangwa katika wiki mbili zijazo. Weka tarehe, na kando yake andika ulinywa nini na ulichomwa nini. Usitegemee jina la kipimo peke yake. "CT ya tumbo" inaweza kuwa imefanywa bila dawa yoyote, au kwa sindano ya iodini, au kwa sindano pamoja na kikombe cha kunywa saa moja kabla. Mgonjwa ndiye anayekumbuka kikombe, na mara nyingi fomu ya rufaa haikitaji.

Hapa pia chunguza fomu yenyewe. "Kipimo cha mifupa" kinaweza kumaanisha DEXA, na kinaweza kumaanisha skani ya nyuklia ya mifupa, ile ya kuchomwa sindano, kusubiri saa mbili tatu, kisha kulala chini ya kamera. Ni vipimo viwili tofauti, kila kimoja na lengo lake. Ukiona umeandikiwa vyote viwili, usidhani daktari amerudia kwa bahati mbaya.

Hatua ya pili: futa visivyo na madhara

Eksirei ya kawaida ya kifua, mkono au meno haiachi kitu. Mamogramu haiachi. Ultrasaundi, pamoja na ya ujauzito na ya moyo, haitumii mionzi kabisa. MRI bila dawa ni sumaku na mawimbi ya redio, haigusi DEXA. CT bila dawa, vilevile: mionzi ilipita ikaisha. Fanya vyote hivyo siku moja na DEXA ukitaka, asubuhi au jioni.

Nalikazia hili kwa sababu kuna hofu imezagaa kwamba mionzi "hujikusanya" na kuharibu kipimo kinachofuata. Eksirei ikishazimwa haipo tena, kama taa ya chumbani. Na DEXA yenyewe ina mionzi kidogo sana: kiasi chake hulinganishwa na kile ambacho kila mtu hupata kutoka ardhini na angani kwa siku moja au chache tu. Kama wewe ni mjamzito, hata hivyo, sema kabla ya kupanda mezani, maana kipimo hiki kinaweza kusubiri.

Hatua ya tatu: hesabu siku za vilivyobaki

Bariamu ndiyo sugu kuliko zote. Haiyeyuki na hainyonywi na mwili, hutoka kwa choo tu, na choo chake huwa cheupe. Kwa mtu anayekwenda choo vizuri inaweza kuisha ndani ya siku chache, lakini hufunga choo, na kwa wazee hukaa. Wenye vifuko vidogo kwenye ukuta wa utumbo mpana wanaweza kubaki na mabonge yake madogo kwa wiki kadhaa. Kidole tumbo nacho huihifadhi. Vituo vingi husema subiri siku 7, vingine husema 14. Ukiwa na tabia ya kufunga choo, chagua 14. Kunywa maji mengi baada ya kipimo cha bariamu, isipokuwa umeambiwa upunguze maji kwa ajili ya moyo au figo, na usimeze dawa za kuharisha kwa kujiamulia mwenyewe.

Iodini ya kunywa, ambayo nayo hutumika kuonyesha utumbo kwenye CT, ni nyepesi kuondoka kuliko bariamu, lakini nayo husafiri kwenye utumbo uleule uliolala mbele ya pingili. Ipe siku kadhaa, na kama kituo kinasema wiki, ipe wiki.

Iodini ya sindano ina tabia nyingine. Huingia kwenye damu na kutolewa na figo. Figo zikiwa nzima, nusu yake huwa imetoka ndani ya saa mbili hivi, na baada ya saa 24 iliyobaki ni kidogo sana. Tatizo liko katika saa za mwanzo: mshipa mkuu wa damu umepita mbele ya uti wa mgongo, figo ziko pembeni yake, na mirija ya mkojo inashuka sambamba nao. Yaani dawa imejaa mahali palepale DEXA inapopima. Kwa sindano peke yake, muda wa kusubiri unaotajwa na vituo huanzia siku moja hadi wiki. Wiki ni tahadhari kubwa kuliko kemia inavyodai, lakini ina hekima yake, kwa kuwa mgonjwa wa sindano mara nyingi ndiye aliyepewa na kikombe, na wenye figo dhaifu huchelewa kuitoa.

Gadoliniamu, dawa ya MRI, hutoka kwa njia hiyohiyo ya figo. Mgonjwa hupewa kiasi kidogo kuliko cha iodini. Siku moja humtosha mtu mwenye figo nzima, ila kuna vituo vinavyoijumuisha kwenye kanuni yao ya wiki moja. Usibishane nao, wakifunga ratiba utasumbuka wewe.

Skani za nyuklia zina kosa la aina yake. Hapo kinachosumbua si dawa kuzuia eksirei. Ni mwili wako wenyewe kutoa miale, ambayo kipokezi cha DEXA hakiwezi kuitofautisha na ile ya mashine. Tekneshiamu-99m, inayotumika kwenye skani ya mifupa, ya tezi ya shingo, ya parathairoidi na ya moyo, hupungua nusu kila saa 6. Baada ya saa 24 imebaki sehemu moja kati ya 16, na bado hiyo inatosha kuleta vurugu, hasa kwa skani ya mifupa ambayo dawa yake imekwenda kujishika kwenye mfupa hasa. Baada ya saa 48 imebaki sehemu moja kati ya 256, na mkojo umeshaondoa sehemu yake pia. Siku 2 hadi 3 ndizo zinazoombwa kwa kawaida. Florini-18 ya skani ya PET, aina nyingine ya skani ya nyuklia, hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo siku moja inatosha. Lakini angalia: skani ya PET siku hizi hufanywa pamoja na CT, na kama CT hiyo ilikuwa na kontrasti, hesabu ya kontrasti ndiyo inayotawala.

Iodini-131 ni habari nyingine kabisa. Hupungua nusu kila siku 8. Aliyepewa kwa ajili ya tezi ya shingo, hasa kwa dozi ya tiba, asipange DEXA kabla ya kumuuliza daktari wa nyuklia aliyempa. Jibu litakuwa la wiki.

Hatua ya nne: piga simu, kisha panga

Mashine za DEXA katika Afrika Mashariki ni chache na nyingi ziko miji mikubwa, wakati CT imeshafika hospitali nyingi za mikoa. Kwa hiyo DEXA huwa ya mwisho kupatikana hata pale inapostahili kuwa ya kwanza. Ukiwa bado nyumbani, kabla ya kukata tiketi ya basi, piga simu kituo cha DEXA na uulize maswali mawili: mna nafasi lini, na kanuni yenu ya kusubiri baada ya kontrasti na baada ya skani ya nyuklia ni siku ngapi? Jibu lao ndilo la kufuata hata kama linatofautiana na namba nilizotoa hapa, kwa sababu wao ndio watakaokurudisha mlangoni.

Ratiba nzuri kwa yule mama wa saratani ya matiti ni hii: Jumatatu asubuhi DEXA, mchana ultrasaundi au mamogramu kama vipo, Jumanne CT yenye kontrasti, Jumatano skani ya nyuklia ya mifupa. Siku tatu, hakuna kilichogusa kingine kwa upande wa DEXA. Ukiigeuza, ukaanza na CT na kikombe chake, DEXA inasogea wiki nzima mbele na nauli inalipwa mara mbili.

Isipokuwa ugonjwa una haraka. Kama daktari anashuku uti wa mgongo unabanwa, au utumbo umeziba, CT haisubiri DEXA hata kwa saa moja. Mifupa itapimwa mwezi ujao.

Suala la bima nalo huvuruga. Kibali cha CT kinatoka leo, cha DEXA bado, na mgonjwa anaogopa kupoteza nafasi. Mwombe daktari aandike kwenye fomu ya maombi kwamba DEXA inatakiwa itangulie kontrasti. Sentensi hiyo moja humpa mtu wa mapokezi sababu ya kukupangia upya.

Hatua ya tano: siku ya DEXA

Acha vidonge vya kalsiamu saa 24 kabla. Kidonge ambacho hakijayeyuka tumboni kinaweza kuonekana juu ya pingili za juu za kiuno, na ni kalsiamu hasa, mashine haina kosa kukihesabu. Dawa nyingine endelea nazo, na chakula kula kama kawaida isipokuwa umeambiwa vingine.

Vaa nguo zisizo na zipu, mkanda wala vifungo vya chuma. Na hapa akina mama wa pwani nisikieni: shanga za kiunoni zivuliwe. Hukaa palepale kwenye pingili ya nne na juu ya nyonga. Sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kanga, simu mfukoni, hirizi yenye bati, vyote viwekwe pembeni.

Kisha mwambie mtaalamu wa mionzi, kabla hajauliza: "Tarehe fulani nilifanyiwa CT yenye dawa, nilikunywa na nilichomwa." Mpe ile karatasi yako. Mtaalamu makini ataangalia picha kabla hujashuka mezani. Mabaki ya kontrasti huonekana kama mabaka meupe mno yasiyofuata umbo la pingili. Unaruhusiwa kumuuliza kama picha ni safi. Si utovu wa adabu.

Hatua ya sita: kama umeshachelewa

CT ilikuwa jana, umetoka mbali, nafasi ya DEXA ni leo. Bado una njia.

Bora kabisa ni kuahirisha, na kwa kweli msongamano wa mifupa haubadiliki kwa wiki mbili. Kama haiwezekani, omba kituo kipime mahali ambapo kontrasti haipo. Kigasha cha mkono usiotumia sana, kwenye theluthi ya chini ya mfupa ulio upande wa kidole gumba, kiko mbali na utumbo na ni sehemu inayokubalika kwa utambuzi. Nyonga nayo mara nyingi husalimika na bariamu iliyo juu tumboni, ingawa utumbo wa chini, ulio eneo la nyonga, unaweza kuileta karibu. Baada ya skani ya nyuklia ya mifupa, lakini, kubadilisha mahali hakusaidii: dawa iko kwenye mifupa yote. Hapo ni kusubiri tu.

Kama mabaki yamefunika pingili moja au mbili, msomaji wa picha anaweza kuziondoa kwenye hesabu. Zinahitajika angalau pingili mbili safi kati ya zile nne za kiuno ili jibu la utambuzi litolewe. Ikibaki moja, uti wa mgongo unaachwa na sehemu nyingine zinategemewa.

Hatua ya saba: kusoma jibu

Usiangalie jumla peke yake. Karatasi ya DEXA huorodhesha kila pingili kwa T-score yake. Pingili moja ikiwa imezidi jirani yake kwa zaidi ya 1.0, kuna kitu: inaweza kuwa kontrasti, inaweza kuwa pingili iliyobonyea, inaweza kuwa mifupa iliyoota kwa uzee au chuma cha upasuaji. Uliza ni kipi. Kiuno kikiwa kizuri kupita kiasi wakati nyonga ni dhaifu, uliza pia, ingawa kwa wazee sababu ya kawaida ni mgongo wenye arthritisi, si dawa.

Mahali makosa yanapouma zaidi ni kwenye kulinganisha. Unapopimwa tena baada ya mwaka au miwili, daktari hutafuta badiliko lililo kubwa kuliko kosa la kawaida la kipimo chenyewe. Kwa vituo vinavyotimiza kiwango cha chini cha kimataifa, badiliko la kiuno lisipofika asilimia 5 hivi halihesabiwi. Ule mfano wa 0.760 kusomeka 0.810 ni zaidi ya asilimia 6. Kipimo cha kwanza kikiwa na kontrasti na cha pili kikiwa safi, karatasi itaonyesha umepoteza mfupa, na dawa inayofanya kazi vizuri itabadilishwa bure. Kwa hiyo rudi kwenye mashine ileile kama ipo, maana namba za mashine tofauti hazilinganishwi moja kwa moja, na beba karatasi za zamani pamoja na picha zake.

Ukigundua leo kwamba DEXA yako ya zamani ilifanywa siku mbili baada ya bariamu, mwambie daktari hata kama ni miaka imepita. Picha huhifadhiwa kwenye kompyuta ya kituo. Zinaweza kufunguliwa, pingili zilizofunikwa zikaondolewa, na hesabu ikafanywa upya bila wewe kulala mezani tena.